Mafuta ya Mjane ni Mali ya Mjane

Masomo: 2 Wafalme 4:1-7; Hesabu 27:1-11

 

Tunawaomba mfungue Biblia zenu katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4. Hapo tunamkuta mama mmoja aliyefiwa na mume. Mume huyo alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu mcha Mungu, lakini alikufa na kuacha deni. Sasa mwenye kudai amefika, anataka kuwachukua watoto wawili wa kiume wawe watumwa wake. Mama huyo hakwenda kwa wakubwa wa mji. Alimlilia nabii Elisha.

Ndugu zetu, somo hili tumelisikia mara nyingi, na kwa kawaida tunahubiri juu ya muujiza wa mafuta. Leo tunataka kuhubiri juu ya yule mama mwenyewe: aliulizwa nini, alisaidiwa na nani, alifanya kazi gani, na mwishoni mali ile ilikuwa ya nani. Maana wajane wako kati yetu. Wako pia wamama walioachwa na waume, wasichana waliozaa wakiwa kwa wazazi, wamama vilema, na wale walioharibiwa na watu wenye silaha kisha wakatupwa na jamaa zao. Tena tangu mwanzo wa mwaka 2023, ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola umewakimbiza maelfu ya watu kutoka Lubunga na vijiji vya upande wa Ubundu. Wengi wao walikuwa wamama, waliovuka mto na watoto mgongoni bila chungu wala jembe. Neno la leo ni lao, na ni letu sisi tunaoketi nao kwenye benchi moja.

Kwanza: nabii hakutafuta mkosaji

Tazameni jinsi Elisha alivyomjibu. Hakumwuliza, "Mume wako alikufa namna gani?" Hakumwuliza ni nani katika ukoo aliyemroga. Alimwuliza ana kitu gani ndani ya nyumba yake.

Tunasema jambo hili wazi kwa sababu kanisa letu ni kanisa la unabii, na karama ya kuona ni karama ya Mungu. Lakini wako watu katika mji huu ambao, mume akifa asubuhi, jioni wamekwisha kuonyeshwa kwamba mke ndiye aliyemla. Baada ya maono hayo nini kinafuata? Godoro linachukuliwa, mashini ya kushona inachukuliwa, mabati yanahesabiwa, na mama anatolewa nje na nguo moja. Ndugu, maono yanayoishia kwenye mali ya mjane yachunguzwe sana. Roho wa Mungu hatafuti godoro la mtu. Nabii wa kweli akifika katika nyumba ya msiba anauliza kama Elisha: Mama, umebaki na nini, na tuanzie wapi?

Yule mama alijibu kwamba hana kitu, isipokuwa chupa ya mafuta. Hata wamama wetu hujibu hivyo hivyo. Ukimwuliza, anasema, "Sina kitu, baba." Lakini huyo huyo anajua kutengeneza shikwange ambayo haiharibiki upesi. Anajua kukausha samaki, kulima mchele, kukamua mawese, kusuka nywele, kuuza na kununua. Wazee wanakumbuka kwamba katika miaka ya 1980 wamama wafanya biashara wa Kisangani walikuwa wakipeleka mchele, maharagwe na samaki wa kukaushwa kwa meli mpaka Kinshasa, na kurudi na bidhaa za kuuza hapa. Nchi ilikuwa katika shida, mishahara haitoshi, na nyumba nyingi zilisimama kwa mikono yao. Basi chupa ya mafuta ipo. Tusiseme mama hawezi.

Pili: majirani walitoa vyombo

Elisha alimtuma mama akaazime vyombo vitupu kwa majirani wote, tena visiwe vichache. Majirani hawakumpa mafuta, walimpa vyombo tu. Na Biblia inatuonyesha kwamba mafuta yalisimama siku vyombo vilipokwisha. Neema haikukoma, ila vyombo ndivyo vilivyokwisha.

Hapa ndipo kazi ya kanisa ilipo. Mungu amekwisha kutia akili na nguvu ndani ya mikono ya wamama. Kinachokosekana mara nyingi ni chombo: mashini ya kushona, sufuria kubwa, jiko la mikate, mtu wa kufundisha, chumba cha kufundishia, na yule wa kukaa na mtoto wakati mama anajifunza. Mama mwenye mtoto wa maziwa hawezi kushika mkasi na mtoto kwa mara moja. Parokia inayomwita ajifunze bila kufikiri mtoto wake atakaa wapi, imemwita kwa mdomo tu.

Mnataka mfano wa karibu? Huko Dungu, katika Haut-Uele, ambako mpaka mwaka 2015 palikuwa mkoa mmoja nasi, kuna mtawa Mkatoliki anayeitwa Sista Angélique Namaika. Waasi wa LRA walipochoma vijiji na kuteka wasichana, yeye mwenyewe alikimbia mwaka 2009. Hata hivyo alikuwa akizunguka kwa baiskeli, akiwatafuta wamama na wasichana waliotoka porini au waliofukuzwa kwao. Aliwafundisha kusoma na kuandika, kushona, na kupika mikate ya kuuza. Mwaka 2013 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilimpa tuzo ya Nansen, na wakati huo ilihesabiwa kwamba amekwisha kuwasaidia wamama na wasichana zaidi ya 2.000. Yeye si wa kanisa letu, lakini alifanya kazi ya jirani mwema. Alianza na baiskeli moja. Parokia gani ya Kisangani haina hata baiskeli?

Tatu: uza, lipa, kisha ishi

Vyombo vilipojaa, mama alirudi kwa mtu wa Mungu. Elisha alimpa hesabu kwa utaratibu wake: auze mafuta, alipe deni, na yeye na watoto wake waishi kwa kile kitakachobaki. Kuuza ni kwanza, kulipa ni pili, kula ni tatu. Wamama wengi wanafundishwa kushona au kupika sabuni, lakini hawafundishwi utaratibu huu, na kwa sababu hiyo kazi inakufa katika miezi mitatu.

Tuseme mama ametoa franka 30.000 kununua mafuta ya mawese na soda. Amepika sabuni, ameuza yote, ameshika franka 42.000. Je, amepata 42.000? Hapana. 30.000 si zake za kula, ni mbegu ya sabuni ijayo. Zilizobaki ni 12.000, na ndani yake atoe kuni na pesa ya toleka aliyembebea mzigo. Akila zote 42.000 kwa sababu watoto wana njaa, wiki inayofuata atakuwa na njaa na hana sabuni. Kwa hiyo mafunzo ya mikono yaende pamoja na daftari na kalamu. Mama asiyejua kusoma aanzie hapo, bila haya, maana anayeandikiwa hesabu na mtu mwingine yuko mkononi mwa mtu huyo.

Tusidharau pia likelemba. Wamama kumi wakitoa franka 5.000 kila wiki, kila wiki mmoja wao anashika 50.000, na kwa wiki kumi wote wameshika. Hakuna faida ya mkopeshaji ndani yake, na mama hajaweka mtoto wake rehani. Inadai kitu kimoja tu, nacho ni uaminifu. Na uaminifu tunapaswa kuwa nao zaidi ya wote, sisi tunaoitwa watu wa Mungu.

Nne: nabii hakuchukua hata chupa moja

Hapa tunaomba mashemasi, wachungaji na wote wenye karama wasikilize. Muujiza ulipitia kinywani mwa Elisha. Nyumba ilijaa mafuta. Je, mmesoma mahali popote kwamba nabii alidai sehemu yake? Hakudai. Hata majirani hawakusema, "Vyombo ni vyetu, basi na mafuta ni yetu." Mafuta yalibaki ya mama na watoto wake.

Sadaka ni njema, na mjane maskini wa Injili alisifiwa na Bwana kwa senti zake mbili. Lakini alitoa mwenyewe kwa moyo wake. Hakuna aliyemfuata nyumbani kumkamua. Mashini ambayo parokia imempa mama si mashini ya parokia tena, wala si ya mchungaji, wala si ya shemeji. Ni yake. Iandikwe hivyo kwenye karatasi siku ile ile anapoipokea, pamoja na jina lake na sahihi ya mashahidi wawili.

Tano: mgono na mti wake

Ninyi nyote mmewaona ndugu zetu Wagenya kwenye maporomoko. Mgono wao ni mkubwa na umesukwa vizuri, lakini hawautupi tu majini. Kwanza wanasimamisha miti mikubwa kati ya miamba, wanaifunga imara, ndipo wanafunga mgono. Mgono mzuri bila mti unachukuliwa na maji siku ya kwanza, pamoja na samaki wake.

Basi kazi ya mikono ndiyo mgono, na haki ndiyo mti. Wako watu wa moyo mwema wanaofundisha wamama kushona, wanapiga picha, wanagawa vyeti na kwenda zao. Mume akifa, wakubwa wa ukoo wanafika na kuchukua mashini, nyumba na parseli. Cheti kinabaki ukutani, na ukuta wenyewe si wake tena. Maji yamechukua mgono.

Kwa sababu hiyo tunataka kila mama ajue mti wake uko wapi. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, ile inayoitwa kwa Kifaransa Code de la famille, ilimtaka mke aombe ruhusa ya mume wake kabla ya kujifunga kwa mkataba wa kazi au biashara. Lakini sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Mume na mke wanapaswa kusikilizana na kushauriana, na hilo ni neno la Biblia pia. Lakini asidanganywe mama yeyote kwamba bado mkono wake hauna nguvu mbele ya sheria.

Na mume akifa? Sikilizeni vizuri, baba na mama. Kama siku ya ndoa hawakuchagua namna nyingine, mali waliyochuma pamoja ni ya wote wawili, na nusu ya mke si urithi, ni mali yake. Katika sehemu ya marehemu, watoto ndio warithi wa kwanza, wa kike sawasawa na wa kiume, na haki yao haipungui robo tatu. Mjane yuko katika kundi la pili, pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Tena sheria inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi pamoja na kutumia vyombo vyake. Basi baba mdogo anayemfukuza mjane hatetei mali ya ukoo. Anawanyang'anya watoto wa ndugu yake mwenyewe.

Lakini sheria hii inashika ndoa iliyoandikwa. Hapa ndipo wamama wengi wanapotea. Mahari ilitolewa, watu walikula na kucheza, kanisa liliomba, lakini hakuna aliyekwenda kwenye ofisi ya komini kuandikisha ndoa. Siku ya msiba ukoo unasema, "Huyu alikuwa rafiki tu." Mume anayempenda mke wake asimwachie machozi peke yake. Amwachie karatasi pia.

Sita: Mungu alisema wanasema haki

Mtu mmoja atatuambia, "Hayo ni mambo ya wazungu na ya mashirika. Desturi yetu haijui hayo." Tunamwomba afungue Hesabu 27. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, binti watano wa Selofehadi, walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani na wakuu wote. Baba yao alikufa jangwani bila mtoto wa kiume, na desturi ilikuwa haiwapi kitu. Walidai sehemu ya baba yao. Musa hakuwafukuza, wala hakuwajibu kutoka kichwani mwake. Alipeleka neno lao kwa Mungu, na Mungu akasema kwamba binti hao wanasema haki, wapewe urithi. Kisha ikawa sheria kwa Israeli yote. Basi haki ya mwanamke kuwa na mali haikuanzia La Haye wala New York. Ilitamkwa jangwani na Mungu mwenyewe.

Na ninyi watu wa makanisa ya manabii wa Afrika, mmesahau nani alilinda moto? Simon Kimbangu alikamatwa mwaka 1921, akafungwa miaka 30, akafa gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka hiyo yote mke wake, Mama Marie Muilu, alibaki Nkamba akilea watoto watatu na kuwashika waamini kwa siri. Waamini wengi walipelekwa uhamishoni pamoja na jamaa zao, wengine mpaka Lowa, huku kwetu kwenye mto Lualaba. Bila wamama waliolima, waliopika na kuficha neno katika miaka ile, waamini wale wangesimama kwa nguvu gani? Kanisa lililobebwa mgongoni mwa mama lisikubali mama atupwe chini.

Saba: pesa ya machozi

Kuna jambo moja la mji wetu ambalo hatuwezi kulinyamazia. Tangu tarehe 5 mpaka tarehe 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana hapa katikati ya nyumba zetu. Mamia ya raia walikufa, na wengine wengi walibaki vilema. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye ilihukumu Uganda iilipe nchi yetu dola milioni 325 kwa ajili ya maovu ya vita vile, na kati yake milioni 225 ni kwa ajili ya watu waliopata hasara katika miili na maisha yao. Mfuko wa kugawa fidia una makao yake hapa Kisangani.

Pesa hiyo ni pesa ya machozi. Mjane wa mwaka 2000 amekuwa bibi sasa. Aliuza maji, aliuza pondu, alikaa kwenye jua la soko ili watoto wakue. Asikubali mtu yeyote aandike jina lake mwenyewe mahali pa jina la mjane, awe mtoto, shemeji, mchungaji au mtu wa ofisi. Na asiyejua kusoma asitie kidole kwenye karatasi kabla hajasomewa na watu wawili anaowaamini. Anayekula pesa hiyo anakula mfupa wa maiti.

Tufanye nini basi?

Tunawaomba mambo manne, nayo si mazito. Kila parokia ihesabu wajane wake na wamama wasio na mtegemezi, iulize kila mmoja ana nini nyumbani, na iandike jibu. Kila fundi wa kanisa, awe mshonaji, mpika mikate au mpika sabuni, achukue mwanafunzi mmoja bila malipo, kama Akila na Prisila waliokaa na Paulo katika kazi moja ya kushona hema. Kila mume ambaye ndoa yake haijaandikwa aende komini pamoja na mke wake kabla ya Noeli. Na mwisho, panapokuwa na msiba, wazee wawili na mama mmoja wa kanisa wakae katika nyumba ile mpaka matanga yaishe, ili mjane alie mume wake kwa amani, bila kulinda mlango.

Baba uliyeshika godoro la mke wa ndugu yako, rudisha. Huhitaji kutafuta maono mengine. Neno la leo linatosha. Lirudishe usiku kama unaona haya mchana, lakini lirudishe. Mungu anajiita mwamuzi wa wajane, na mwamuzi huyo hapokei rushwa.

Na wewe, mama yetu, usiseme tena huna kitu. Funga mlango wako kama yule wa Elisha, mimina mafuta yako, uza, lipa, kisha ishi. Kuishi kwako na watoto wako ndiko Mungu alikotaka.

Tuombe. Ee Mungu Baba, wewe uliyemsikia Hagari jangwani na mjane wa Sarepta langoni, tazama wamama wa Kisangani. Wape kazi katika mikono yao, wape jina katika karatasi za nchi yao, na uwape majirani wenye vyombo. Vunja mkono wa anayenyang'anya, ila uokoe roho yake. Tunaomba kwa jina la Yesu Kristo. Amina.